Nyumba Iliyoshikwa na Mtani

Mimi si msemaji. Shuleni nikiitwa kusimama nijibu swali, jibu ninalo, lakini linakwama kooni kama mwiba wa samaki, mpaka mwalimu anachoka na kumgeukia mwenzangu. Ndiyo maana naandika. Daftari halikodoi macho.

Leo ninaandika nikiwa nimekaa juu ya ngazi nyumbani kwa bibi, shule ikiwa imefungwa. Chini yangu, katika sebule ambamo zamani hata kupiga chafya ilikuwa kosa, kuna akina mama wanasuka mikeka ya ukindu na kusemana. Mmoja ameletwa na mumewe kwa mtumbwi tangu asubuhi. Barazani vyungu vibichi vimepangwa kivulini vikauke. Kuna mtu nyuma ya nyumba anawamba ngoma, anaipiga kidogo, anasikiliza, anairudisha juani. Watu wakieleza jinsi jumba letu lilivyofika hapa, husema tu kwamba mtani alilishika. Sehemu yangu wanairuka, kwa kunionea huruma. Nataka niiandike mwenyewe.

Jumba hili alilijenga baba yake babu wakati wa Mjerumani, alipokuwa akifanya biashara ya mpira wa porini na pembe. Ni la matofali ya kuchoma, kuta nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani, na ghorofa yake ni ya mbao za mninga. Bati lilikuja vichwani mwa wapagazi. Ifakara nzima, ukisema tu "kwenye jumba", hakuna anayeuliza lipi. Kwenye mwimo wa mlango mkubwa kuna mistari iliyochongwa kwa kisu, kila mstari ni mwaka ambao mto Kilombero ulivunja kingo zake ukaja hadi kwetu. Mstari wa juu kabisa unanifika kifuani. Mwaka huo, bibi anasema, alimzaa baba yangu ghorofani huku maji yakigonga ngazi, na mkunga aliingizwa kwa mtumbwi mpaka ngazi ya nne.

Babu alirithi jumba pamoja na ukimya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kikohozi cha kukata, mara mbili, kisha fimbo inagonga sakafu mara moja, na hapo nyumba nzima inanyamaza hata kama ilikuwa haisemi. Wageni walivua viatu chini ya baraza na kuongea naye wakiwa wamesimama. Wazazi wangu wanalima mpunga kule Chita, na mimi nililetwa kwa bibi nikiwa mdogo ili nisome. Kwa mtoto mwenye haya nyumba ya namna hiyo ilikuwa raha tupu. Nilidhani dunia yote inanong'ona.

Babu alifariki mwishoni mwa masika, maji yakiwa yameanza kurudi mtoni. Misa ilisomwa, padri akabariki kaburi. Lakini kwetu mtu hazikwi na padri na ndugu peke yao. Watani ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaobeba, na katikati ya kilio ndio wanaotukana. Wanamwiga marehemu, wanadai alikuwa mlafi, wanalala mahali pake. Wanashika pia vitu vyake, na kitu kilichoshikwa na mtani kinakuwa chake mpaka wenye msiba wakikomboe kabla ya kuondoa matanga. Huruhusiwi kukasirika. Ukimkasirikia mtani utachekwa mpaka uzee wako, na siku ukifa wewe, nani atakuchimbia?

Mtani wetu mkubwa alikuwa bibi mmoja mfinyanzi kutoka Masagati, kule juu kupita Mlimba. Alitembea siku nyingi na chungu chake kichwani. Alifika, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha babu, akakaa, akakohoa mara mbili na kugonga sakafu kwa fimbo. Kikohozi kile kile. Akina mama waliokuwa wanalia walishindwa kuendelea, wakaangua kicheko na kamasi zao.

Fimbo aliishika, baba mkubwa akaikomboa kwa kikapu cha mchele. Kofia aliishika, ikakombolewa kwa kitambaa. Ndipo akatazama juu kwenye mbao za mninga, akazungusha macho kutani pote, akatandika mkeka wake katikati ya sebule na kuweka chungu chake kwenye kona.

"Hivi vidogo vidogo vya nini," akasema. "Nashika nyumba."

Watu walicheka sana. Baba mkubwa, ambaye ni karani huko Morogoro na alikuja msibani na suti, alicheka pia.

Kitu kikubwa namna hiyo hukombolewa na mjukuu anayelala chini ya paa hilo, na mjukuu huyo alikuwa mimi. Kazi yenyewe si ngumu. Unachukua jogoo, unasimama mbele ya mtani watu wote wakiona, anakutukana, unamrudishia tusi moja zuri, unamkabidhi jogoo na kusema, "Toka nyumbani kwetu." Anaondoa vitu vyake, mambo yamekwisha. Bibi alinipa jogoo mwekundu jioni ya siku ya mwisho ya matanga, jua likiwa bado lipo, akanirekebisha khanga begani na kuniambia nisiogope, maneno mawili tu.

Niliingia sebuleni. Nilikuwa nimeandaa tusi langu tangu asubuhi na nimelikariri kama shairi la mtihani. Moyo wa jogoo ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu na wangu unapiga kwenye masikio. Mtani aliniona, akapandisha sauti.

"Haya tazameni. Huyu mtoto kaleta kuku, au kuku kamleta mtoto?"

Sebule ikalipuka kwa kicheko, na tusi langu likapotea. Nililitafuta, sikuliona. Watu walinyamaza kunisubiri na huo ukimya ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Basi miguu yangu ikaendelea kutembea. Nilimpita mtani, nikapita mlango wa nyuma, nikatokea jikoni, nikampa jogoo shangazi mmoja aliyekuwa anachochea moto. Akanishukuru, akamchinja. Nusu saa baadaye jogoo wa kukomboa jumba la ukoo alikuwa anatokota pamoja na wenzake, na mtani mwenyewe alikula paja.

Bibi aliniuliza, "Umempa?" Nikatikisa kichwa kukubali. Ulikuwa uongo wa kichwa, bila mdomo, na usiku nikaandika kwenye daftari neno moja: Sikusema.

Asubuhi yake mtani alikunja mkeka, akaondoka na wenzake. Chungu chake alikiacha pale pale kwenye kona.

Kwa miezi mitatu nilifagia kukizunguka kile chungu. Sikukigusa. Bibi naye alipita mbele yake kila siku akienda kufungua madirisha, na hakuniuliza kitu.

Kisha baba mkubwa akarudi likizo, safari hii na shauri. Alilitoa vizuri, kwa adabu, mimi nikiwa namenya viazi karibu. Jumba ni kubwa, bati linavuja, mama yuko peke yake na mtoto wa shule. Yuko mfanyabiashara wa mpunga huko Kiberege anatafuta ghala. Atalinunua, ataing'oa ghorofa apate nafasi ya kupanga magunia, na mbao za mninga atazitumia kwa lori lake. Mama atahamia Morogoro, nyumba ya bomba, hospitali iko karibu.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mimi nililetwa hapa mwali," akasema. "Nitatoka hapa nimebebwa."

Baba mkubwa akasema kwa upole kwamba shauri limekwisha kuamuliwa. Ndiye mkubwa, na karatasi za nyumba zilikuwa kwake. Sidhani alikuwa na tamaa. Nadhani aliiogopa tu hii nyumba, jinsi inavyonyamaza, na hakutaka mama yake azeeke ndani ya ukimya ule. Lakini hakumuuliza.

Bibi hakulia. Aliacha kula. Nilimpikia wali na samaki kitoga, akautazama tu. Nilimpelekea uji, akanywa vijiko viwili ili nisione vibaya. Siku ya tatu nilimkuta kwenye mlango mkubwa amesimama, kidole chake kinapanda ile mistari ya mafuriko mmoja mmoja, na kilipofika ule unaonifika kifuani, yaani ule wa mwaka wa baba yangu, akakiacha hapo. Niliogopa kweli. Niliona kwamba siku wakimpandisha kwenye lori kwenda Morogoro, atakayefika si bibi.

Yule wa mpunga alikuja Jumapili baada ya misa. Alikuwa mtu mnene, mstaarabu, alimwamkia bibi shikamoo kwa kuinama hasa. Akapima sebule kwa hatua, akihesabu kwa midomo, akagonga kuta, akasifu matofali. Nilileta chai. Alipofika kwenye kona, hatua zake zikasimama.

"Chungu hiki cha nani?"

Baba mkubwa akacheka kidogo, akasema ni cha mtani fulani, alikisahau msibani.

"Mtani hasahau chungu, bwana. Alishika nini?"

"Ah, michezo yao. Alishika nyumba. Lakini ilikombolewa."

"Na nani?"

"Na binti huyu hapa."

Wote wakanigeukia, isipokuwa bibi. Bibi alikuwa anatazama mikono yake. Nilikuwa nimeshika birika, na nikaelewa, polepole kama mtu anayeamka, kwamba nikitikisa kichwa changu kama nilivyotikisa siku ile, nyumba imekwenda. Ghorofa imekwenda, dirisha langu la kuandikia, na bibi. Na nikisema kweli, nitasema mbele ya mgeni kwamba mimi ni mwongo na mwoga, na kwamba nilimdanganya bibi siku ya matanga ya mumewe.

Niliweka birika chini kwanza. Hilo nalikumbuka.

"Sikuikomboa," nikasema.

Baba mkubwa alinitaka nirudie. Hakusikia, au hakutaka kusikia.

"Sikuikomboa, baba. Niliona haya. Jogoo nilimpeleka jikoni, akapikwa. Sikusema neno lolote, na mtani hakutoka. Nyumba ni yake."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo mbele ya watu wazima. Baba mkubwa alisimama. Alisema huu ni upuuzi, utani ni mchezo wa wazee, dunia ya sasa ina ofisi na ina sheria, karatasi anazo yeye na kila kitu kimeandikwa. Alisema mengi na yote, nikiyafikiria, yalikuwa kweli. Yule mfanyabiashara alimsubiri amalize, kisha akachukua kofia yake mezani.

"Ndugu yangu, karatasi nzuri," akasema. "Lakini siku nikifa, ofisi itakuja kunichimbia?"

Akamuaga bibi kwa heshima, akashuka baraza. Chai hakuimaliza.

Nilitegemea kofi. Badala yake baba mkubwa akaenda kutembea kandokando ya mto. Mimi nikapiga magoti mbele ya bibi kumwomba radhi, na bibi akaniambia niinuke nimletee chakula, ana njaa.

Alipokuwa anakula nilimuuliza kama alikuwa anajua. Akasema chungu kilimwambia tangu asubuhi ile ile. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, akaacha wakati wote huu unapita na yeye anafunga kama Kwaresima.

"Ningesema mimi, wangesema bibi kizee anang'ang'ania nyumba," akajibu. "Neno lilikuwa lako. Nikasubiri." Akaongeza tonge lingine. "Ulikawia, lakini."

Baba mkubwa hakukata tamaa mara moja. Alituma habari Masagati kwa wavuvi waliokuwa wanapandisha mitumbwi, kwamba mtani aje akombolewe kwa jogoo wawili, watatu, apendavyo. Bibi alimwambia matanga yameshaondolewa, hakuna ukombozi tena. Baba mkubwa akasema atajaribu.

Mtani alikuja kabla likizo ya baba mkubwa haijakwisha. Hakuja peke yake. Alikuja na wafinyanzi wenzake wawili, mchonga vinu mmoja, vijana wa ngoma, na mzigo wa udongo wa kufinyangia umefungwa kwa majani. Baba mkubwa alitoka barazani kumpokea, jogoo kwapani. Mtani hata hakumtazama yule jogoo.

"Karibu, mpangaji wangu," akamwambia. "Hivi unaishi vizuri humu? Bati langu linavuja, nasikia. Mbona huliangalii?"

Majirani walikuwa wamejaa. Baba mkubwa alijaribu kuweka uso wa ofisini. Akaanza kueleza, kwa Kiswahili kile cha barua, kwamba kuhusu suala la nyumba... Hapo mtani akapanda ngazi, akaingia, akakaa kwenye kiti cha babu, akakohoa. Mara mbili. Akagonga sakafu kwa kisigino, maana fimbo ilishakombolewa.

Baba mkubwa akanyamaza katikati ya sentensi, kama mtoto. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea mlango, na mle mle ndani ya kicheko akaanza kulia, suti na yote, na jogoo akamponyoka akakimbilia vichakani. Siku ya maziko hakulia. Mtani aliinuka akamshika mkono, akamkalisha sakafuni karibu na miguu yake, akamwacha alie.

Alipotulia, mtani akatoa masharti ya mwenye nyumba. Bibi sasa ni mke wake, maana kiti cha mume anakikalia yeye, na mtu hamfukuzi mke wake; atakaa ghorofani mpaka achoke. Yeye mwenyewe hawezi kuhama Masagati, huku mbu wengi na watu wabaya. Lakini nyumba yake haitanyamaza. Kila mwenye kazi ya mkono katika bonde hili aje afanyie humu, afundishe anayetaka kufundishwa, na Jumamosi mchana ngoma zipigwe ndani, sio nje, ndani. "Huyu mzee alitunyamazisha miaka yote," akasema. "Sasa alale akitusikiliza."

Baba mkubwa ndiye aliyeyaandika hayo. Nalitaja kwa sababu ninamshukuru, na watu hawamtaji. Alikaa mezani siku nzima akayageuza matusi ya mtani kuwa Kiingereza kizuri, akakipeleka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akarudi na mhuri: jumba ni la sanaa na kazi za mikono za watu wa bonde, na mama yake atakaa humo maisha yake yote. Kabla ya kupanda lori alitengeneza lile bati mwenyewe. Suti aliivua.

Hivyo ndivyo tulivyo. Akina mama wa Kiberege wanakuja na ukindu, bibi anawafundisha kutia rangi, jambo ambalo sikujua anaweza. Analalamika kwamba wanamaliza kuni zake, na kwamba udongo umeharibu sakafu, na wasipokuja siku mbili anatuma mtu kuuliza kuna nini. Kwaya ya kanisani inafanyia mazoezi hapa kwa sababu sauti inazunguka vizuri. Padri mwanzoni alikuja kukagua ngoma ya sangula, akasimama mlangoni, akaona mzee wa kanisa lake ndiye anayeongoza, akaondoka zake. Jumamosi ghorofa inatetemeka, vumbi la mninga linaanguka juu ya daftari langu na ninalipuliza. Na pumba za kuchomea vyungu tunaletewa bure na yule mfanyabiashara wa Kiberege. Anasema anawekeza kwenye maziko yake.

Mtani huja mara mbili kwa mwaka kukagua mali yake. Na hapa kuna jambo ambalo wageni hawalielewi: mtani akiwepo, kwetu hapikwi kuku. Bibi amekataza kabisa. Hata kumpitisha jogoo mbele yake ni marufuku, mtu asije akamkabidhi kwa bahati mbaya ikaonekana nyumba imekombolewa. Tunampikia kambale, tunampikia bata, tunampikia maharage kwa nazi. Majirani wanafungia majogoo yao.

Juzi alifika. Jana mchana, sebule imejaa, amepewa sahani yake ya kambale, akaitazama na kuisukuma mbele.

"Jamani, mwaka wa pili huu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Nina nyumba ya ghorofa na tangu matanga sijaonja kuku ndani yake. Mjukuu! Wewe wa jikoni! Kuku wangu yuko wapi?"

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza kunisubiri, kama siku ile. Nilikuwa nimesimama na sinia la ugali. Nikatafuta, na safari hii nikaliona limekaa pale pale nilipoliacha, lile tusi nililolikariri siku ya matanga.

"Kuku ni wa wenye meno, bibi," nikasema. "Wewe maliza mchuzi."

Sebule ilipiga kelele. Mtani alicheka kuliko wote, amefungua kinywa chote na meno yake matatu, akajipiga mapaja, akanivuta na kunibusu kichwani kwa midomo yenye mafuta ya kambale.

Bibi akachungulia kutoka juu ya ngazi. "Nani kasema hivyo?"

"Mimi," nikajibu, na nilijibu kwa sauti.